Nzi wa Macho Meupe

Kitu cha kwanza alichokiona ni mabawa. Nzi aliyelala kwa dawa huyalaza mabawa yake mgongoni, kama mtu aliyejifunika shuka. Hawa walikuwa wameyasimamisha, wote, pale juu ya kigae cheupe. Akawagusa kwa ncha ya brashi. Akawageuza. Akawapulizia pumzi taratibu, kama mtu anayempuliza mtoto aliyeingiwa na mchanga machoni. Hakuna hata mmoja aliyechezesha mguu.

Ni miaka tisa sasa tangu asubuhi ile, na bado akinusa hamira popote pale, hata mlangoni mwa duka la mikate, chumba kizima humrudia akilini: jiko la gesi, sufuria kubwa lenye mpini uliofungwa waya, rafu za mbao zilizojaa chupa za maziwa, na kila chupa imezibwa kwa pamba iliyoviringwa kitambaa. Chumba cha nzi, ndivyo walivyokiita pale chuoni. Kilikuwa ghorofa ya chini, mwisho wa korido, baada ya stoo ya viti vibovu. Humo wanafunzi wa mwaka wa kwanza walijifunza urithi, yaani jinsi rangi ya macho au umbo la bawa linavyotoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Walitumia nzi wale wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi, kwa sababu nzi yule hana subira. Leo yai, wiki mbili baadaye mzazi, na mwezi haujapita sana ameshakuwa bibi.

Yeye alikuwa mpishi wao. Kila Jumatatu alikoroga uji wa unga wa mahindi, sukari na hamira, akatia unga wa mwani wa kuugandisha na kijiko kimoja cha dawa ya ukungu, kisha akaumimina chupani ungali moto. Mke wa mjomba wake hakuchoka kulicheka jambo hilo. "Dunia nzima watu wanafukuza nzi," alisema, "nyinyi mnawapikia na kuwakaribisha!"

Kazi ile aliipata kwa mjomba wake, fundi wa maabara. Shule aliiacha darasa la tano, mama yake alipougua na mtu wa kukaa naye akakosekana, na baada ya mazishi hakurudi tena. Aliona haya kubanana dawati moja na watoto aliowapita kwa kichwa kizima. Mjomba hakumhubiria. Alimwambia tu, "Njoo unisaidie kuosha chupa, mpwa wangu. Chupa haziulizi umefika darasa la ngapi."

Na kweli hazikuuliza. Wanafunzi ndio waliomtia hofu. Wakimsalimu, alijibu huku akiitazama ndoo.

"Dada, leo wateja wako wanakula nini?" mmoja wao alizoea kumtania.

Mjomba ndiye aliyejibu. "Wanakula vizuri kuliko nyinyi wa bwenini. Na hawalalamiki."

Kati ya nzi wote, mjomba alikuwa na wapenzi wake. Nzi wa kawaida ana macho mekundu. Hawa walikuwa na macho meupe kama tone la maziwa, hawaoni vizuri, wanajigonga kwenye kioo. Mjomba alipewa na mwalimu wake siku alipomaliza mafunzo, akasafiri nao siku mbili ndani ya kichupa alichokiweka mfuko wa shati ili wapate joto la kifua. Tangu hapo, miaka ishirini na sita, kila baada ya wiki mbili aliwahamishia kwenye uji mpya. Hawakuwahi kukatika.

"Wekundu wakifa, tutaweka ganda la ndizi dirishani, watakuja wenyewe," alimwambia siku aliyokuwa anakwenda kulazwa hospitali kwa ajili ya jicho. Likizo ndefu ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. "Weupe wakifa, ndiyo basi tena. Dukani hawapo. Na mwalimu wa urithi anafungulia mwaka kwa hao hao. Nimekuachia roho yangu, mama."

Sasa roho ya mjomba ilikuwa imelala pale kwenye kigae, mabawa juu.

Alijua kosa lake mara moja, kama mtu anayekumbuka funguo baada ya mlango kujifunga. Etha waliyotumia kuwalaza ilikuwa kuukuu, imechujuka, hata mjomba akamzoesha kuhesabu mpaka sitini. Jana yake ile kuukuu ilikwisha. Asubuhi hii alifungua chupa mpya, kali, na bado akahesabu mpaka sitini. Ingekuwa siku nyingine, chupa za akiba zingemwokoa, lakini ukungu ulikuwa umezila chupa tatu wiki iliyopita na kubakisha hii moja. Na hii moja, kwa kuwa nayo ilianza kuota ukungu, alikuwa ameshaitumbukiza kwenye maji yanayochemka pamoja na mayai na mabuu yote yaliyokuwamo. Aligeuka akaitazama. Maji yalikuwa yanatokota, hayana habari.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakulia. Alifikiria mjomba akiwa kitandani, jicho limefungwa, akiwaeleza wagonjwa wenzake habari za nzi wake. Wiki sita zilibaki chuo kifunguliwe.

Ilikuwa karibu saa sita mchana alipoziona chupa za rafu ya chini. Zilikuwa za wanafunzi, masalio ya zoezi la mwisho wa muhula, zinangoja zamu yao ya kuchemshwa. Kwenye karatasi ya mojawapo mwanafunzi aliandika kwa mwandiko wa kukimbia: *Mama macho mekundu, baba macho meupe.* Ndani yake watoto walikuwa hai, wanapanda na kushuka kwenye kioo. Wote macho mekundu.

Alipiga magoti akaitazama chupa ile kwa muda mrefu.

Mjomba alikuwa na tabia ya kufundisha huku uji unakorogwa, maana mkono ukishughulika, alisema, sikio hutulia. "Nyekundu inafunika, haifuti," alisema siku moja. "Watoto wa baba mweupe wote watatoka wekundu, na mtu asiyejua atasema weupe umekwisha. Haujakwisha. Kila binti anaubeba kimya kimya, nusu yake kutoka kwa baba. Sasa dume, rangi ya macho anapewa na mama yake tu."

"Na baba hampi kitu, Mjomba?"

"Anampa udume. Basi. Kwingine hana habari naye." Kisha akacheka. "Akina baba wako hivyo hata kwetu."

Basi binti wekundu wale, kama maneno ya mjomba yalikuwa ya kweli, wangezaa madume, na nusu ya madume hao wangekuwa na macho meupe. Aliyasikia maneno hayo mara kumi au zaidi. Hakuwahi kuyategemea kwa lolote. Kuamini neno ni kitu kimoja. Kulikalia kama kiti, ukaona litakubeba, ni kitu kingine.

Alipika uji mpya siku ile ile. Aliwalaza wekundu kwa etha, akahesabu mpaka kumi na tano tu, akawaingiza kwenye chupa safi na kuilaza chupa ubavu mpaka waamke, wasije wakazama kwenye uji. Juu yake hakuandika kitu.

Siku ya tatu alikwenda hospitali na matunda.

"Weupe hawajambo?" mjomba aliuliza kabla ya salamu.

"Hawajambo, Mjomba."

Akageukia dirisha. Mke wa mjomba akamtazama, akadhani ni harufu ya dawa.

Akaja kazini kila asubuhi, Jumapili kadhalika. Mabuu yakatoka, yakatafuna uji, yakapanda kioo na kugeuka vijikokwa vya kahawia. Siku ya kumi na mbili vijikokwa vikaanza kupasuka. Aliwalaza waliotoka, akawamwaga kwenye kigae, akainama kwenye hadubini. Mwekundu. Mwekundu. Mwekundu. Akasogeza kigae. Mwekundu. Halafu, karibu na ukingo, dume mdogo mwenye makalio meusi, mabawa bado yamekunjamana, na jicho lake jeupe kabisa.

Alicheka kwa sauti. Hakukumbuka lini alicheka hivyo, akiwa peke yake, mdomo wazi.

Mfagiaji wa korido akachungulia. "We binti, unacheka na nani?"

"Na nzi."

"Mungu wangu," mfagiaji akasema, akaendelea na ufagio wake. "Uji umempanda kichwani."

Mpaka jioni alikuwa amepata madume tisa wa macho meupe. Jike hakupata hata mmoja. Hapo ndipo maneno ya mjomba yalipoishia. Hakuwahi kumweleza la kufanya mbele ya hapo, maana hawakuwahi kulihitaji, na hapakuwa na wa kumuuliza ila kwa kujifichua.

Nyumbani alichukua maharagwe jikoni, mekundu na meupe, akayapanga mezani. Maharagwe mawili kwa kila jike, moja kwa kila dume. Akayasogeza, akayachanganya, akaanza upya. Jike mwenye jicho jeupe lazima apate harage jeupe kwa mama na jingine jeupe kwa baba. Baba alikuwa naye, yule wa macho meupe. Alitakiwa mama aliyeuficha. Na dada zao hawa wekundu, nusu yao walikuwa wameuficha, nusu hawakuwa nao, na kwa macho hawatofautiani hata kidogo. Siri ya mtungi aijuaye kata. Njia ilikuwa moja, kuwaoza na kungoja watoto waseme.

Mke wa mjomba alikuja kutafuta maharagwe yake. "Sasa unacheza bao peke yako?"

"Napanga tu, Mama."

"Ukimaliza kupanga, yarudishe. Ndiyo mboga hiyo."

Asubuhi, kabla ya jua kukolea, alitenga majike kumi waliotoka kwenye vijikokwa saa ile ile, hawajakutana na dume yeyote. Mjomba aliwaita wanawali. Kila mmoja akampa kichupa chake na mume wa macho meupe. Dume mmoja alitumika nyumba mbili, maana walipungua. Kisha akangoja siku nyingine kumi na tatu, huku akipeleka matunda hospitali na kusema hawajambo.

Kichupa kimoja kiliota ukungu. Vitano vilitoa wekundu watupu. Vinne vilitoa mchanganyiko, na ndani ya hivyo vinne, majike wa macho meupe, wanono, wenye tumbo la milia, wanajigonga kwenye kioo kama bibi zao.

Mjomba aliporudi kazini, amevaa miwani myeusi, zilikuwapo chupa mbili zimejaa. Aliinua moja kwenye mwanga wa dirisha, akaikaribia mpaka pua ikagusa kioo.

"Umewanenepesha," alisema. Na mwalimu wa urithi alipopita kumjulia hali, mjomba akaipiga chupa ile kofi dogo kama mgongo wa ng'ombe. "Miaka ishirini na sita, Mwalimu. Hawajakatika."

Mpwa wake aliokota kitambaa, akafuta meza iliyokuwa safi.

Miaka ikaenda. Mjomba alistaafu, jicho la pili likafuata la kwanza gizani, na yeye akakabidhiwa funguo za chumba. Wanafunzi wakaja na kuondoka, mkumbo baada ya mkumbo. Wengine walijifunza kumwita Mama Nzi, naye akajifunza kuwajibu bila kuitazama ndoo. Alisimama pembeni kila mwaka wakihesabu watoto wa baba mweupe, wakishangaa weupe umekwenda wapi. Mdomo ulimwasha. Hakusema.

Mwezi uliopita ilikuja barua. Kuanzia muhula ujao wanafunzi wataoza nzi kwenye kompyuta. Chumba kitaongezwa kwenye stoo. Alizichemsha chupa zote, rafu baada ya rafu, ikabaki moja, akaiviringa kwenye sweta na kwenda nayo kwa mjomba.

Alimkuta uani, miguu juani. Mkewe alikuwa kando anachambua mboga.

"Ni weupe?" mjomba aliuliza, akiipapasa chupa aliyowekewa mkononi.

"Ndiyo, Mjomba. Ni hawa tu waliobaki."

Mzee aliiweka chupa sikioni, akatulia. Tabasamu likamjia polepole. "Unakumbuka ule mpini uliofungwa waya? Ulikuwa unaunguza kila mtu, mimi na wewe tukawa hatusikii tena." Akaisikiliza zaidi. "Miaka thelathini na mitano. Hawajakatika hata siku moja. Wewe na mimi, mama."

Angeweza kuitikia. Ameitikia miaka tisa, na moja zaidi isingemuua. Lakini chupa zilikuwa zimekwisha, chumba kimekwisha, na alijiona kama atakayebaki peke yake duniani kujua kilichotokea mle.

"Walikatika, Mjomba."

Mke wa mjomba akaacha mboga.

Akamweleza. Etha mpya, hesabu ya sitini, mabawa. Maji yanayochemka. Uongo wa hospitalini, mmoja mmoja. Alipomaliza, mjomba bado alikuwa ameishika chupa, lakini ameishusha magotini.

"Basi hawa ni akina nani?" aliuliza, kwa sauti ndogo. "Nani alikupa?"

"Hakuna aliyenipa. Niliwatoa kwa binti wekundu wa wanafunzi. Madume kwanza, halafu dada zao kumi, kila mmoja na chupa yake. Nilipanga kwa maharagwe."

"Nani alikwambia uoze dada zao?"

"Hakuna."

Mzee alinyoosha mkono hewani akautafuta mkono wa mpwa wake, akaukosa, akaupata.

"Mwanzoni nilinyamaza kwa hofu," mpwa wake alisema, na safari hii hakutazama chini. "Baadaye hofu iliisha, nikawa nanyamaza kwa mazoea. Kumbe nilichokuwa naficha si kosa. Siku ile nilipomwona yule dume wa kwanza nilicheka peke yangu, Mjomba, kwa sababu nilijua jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nina akili. Niliacha shule darasa la tano, na nina akili."