Nusu ya Mto

Nyumba yetu hapa mjini Zemun ina vitabu mpaka jikoni. Mume wangu, Vukasin, ni mwanahistoria, na kuta zote kazifunika kwa ramani na michoro ya kale. Hata kalenda sina pa kuitundika. Nimezoea. Kusema kweli, nayapenda makorokoro yake.

Lakini jambo moja lilimnyima usingizi: ramani ya mto Danube iliyochorwa kwa mkono, yenye vipande viwili. Kipande cha juu anacho yeye. Cha chini alikinunua Ratomir, mwanahistoria mwenzake, katika mnada uleule. Kila mmoja alitaka mwenzake amwachie chake, wakanuniana miaka nenda rudi. Sasa macho ya Vukasin yalikuwa yanafifia, naye alitaka auone mto mzima kabla hayajazima kabisa.

"Si umpigie simu?" nikamwambia.

"Nife kwanza."

"Utakufa kweli, na nusu mto wako."

Siku ya Mtakatifu Nikola, msimamizi wa ukoo wetu, mlango huwa wazi. Hatualiki mtu, na anayekuja hafukuzwi. Padri alikuwa ameshabariki mkate, nami nawagawia wageni ngano tamu, nikamwona Ratomir mlangoni na bomba la karatasi kwapani.

"Heri ya sikukuu, shemeji. Nimefuata samaki wa sikukuu."

"Na hilo bomba ni la mchuzi?"

Vukasin alinuna, ila mila ni mila. Alipomaliza mvinyo wake, yeye mwenyewe akasogeza sahani kuipisha ramani. Vipande vikakutanishwa mezani, mto ukaungana. Vukasin aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi, Ratomir akimsomea majina ya vijiji kimoja kimoja. Nililia, wala sioni aibu.

Kisha ugomvi mpya: ramani ilale kwa nani?

"Watoto nyie," nikasema. "Ibaki hapa mpaka Mei, sikukuu ya Mtakatifu Georgi, ya ukoo wa Ratomir. Hapo itaenda kwake, mpaka Nikola arudi."

Ilipofika Mei, Vukasin alikuwa haoni tena ila mwanga. Asubuhi nikamkuta kavaa tai, kasimama mlangoni na bomba kwapani.

"Hukualikwa," nikamtania.

"Nani hualikwa? Nipe mkono tushuke ngazi, mke wangu. Ratomir atanisomea nini tukichelewa na ramani?"