Chujio la Fundi Bati

Bi Chokochoko alifika kwa bintiye na mkoba mmoja wa nguo na mfuko mmoja uliokuwa ukigongagonga kila akipiga hatua. Binti alipokea mkoba. Mfuko, bibi hakuuachia.

"Kuna nini humo, Mama?"

"Sahani yangu. Uzee una mambo yake, mwanangu, usiuulize sana."

Humo hamkuwa na sahani. Mlikuwa na chujio la bati lililofungwa kwenye kanga kuukuu, na ndilo hasa lililomtoa bibi nyumbani kwake. Mjukuu wake, ambaye tangu kuzaliwa alimwita Mume Wangu, alikuwa ametimiza miezi sita. Shingo ilishakaza, alikaa akiegemezwa mto, na mtu akila mbele yake alikifuata kijiko kwa macho, kutoka sahanini hadi mdomoni, kama askari anayemshuku mtu. Muuguzi wa kliniki alisema yuko tayari. Kesho yake asubuhi angeonja boga, chakula chake cha kwanza nje ya ziwa la mama. Bibi alitaka jambo moja tu: boga hilo lipite kwenye chujio la marehemu mumewe.

Marehemu alikuwa fundi bati. Alitengeneza ndoo, karai na mabirika, na mikono yake ilinuka risasi ya kulehemu hata siku za sikukuu. Binti yao huyuhuyu alipokuwa wa kuanza kula, fundi alirudi jioni moja na bati jipya, akaketi kizingitini, akalitoboa kwa msumari mwembamba, tundu baada ya tundu, kisha akaligeuza na kulisugua kwa msasa mpaka mke wake akachoka kusubiri na kumwambia mtoto ataota meno kabla hajamaliza. Aliendelea kusugua. Alipomaliza alipitisha ulimi wake juu ya matundu yote, taratibu, macho ameyafumba. Ulimi haukukwaruzwa popote. Ndipo alipompa mkewe.

Tangu hapo, kila mara kabla ya kuchuja, alililamba kwanza, kisha bibi akalisuuza kwa maji ya moto huku akimwita mbuzi.

Na kulisha alilisha yeye. Mtoto akipanua mdomo, naye anapanua. Mtoto akifunga, naye anafunga na kumeza mate. Jirani mmoja alisimama mlangoni akauliza ni yupi kati yao anayelishwa. Bibi akamjibu kwamba hata yeye hajui, ila mmoja ana ndevu.

Huyo ndiye mtu ambaye hakuwahi kumwona mjukuu. Basi bibi alishajipangia: asipofika mwenyewe, lifike bati lake.

Asubuhi binti alinawa mikono kwa sabuni, akamgeukia mama yake.

"Nawa, Mama."

"Nimeshanawa."

"Ulinawa kabla ya kunusa tumbaku."

Bibi akanawa. Binti alikuwa fundi cherehani, na jicho lake liliona hata uzi uliolala upande. Aliliosha boga zima kabla ya kulimenya, akalikatia kwenye ubao usiowahi kuona nyama, akatoa mbegu, akavitia vipande kwenye sufuria ya mvuke na kufunika.

"Chumvi iko wapi?" bibi aliuliza.

"Hatutii chumvi. Figo zake bado changa."

"Punje mbili."

"Hata moja."

"Basi tone la asali."

"Asali mpaka atimize mwaka. Muuguzi kasema inaweza kuwa na vijidudu vya kumlegeza mtoto mwili mzima."

"Kwa hiyo Mume Wangu anaanza maisha na chakula cha wagonjwa."

"Anaanza na boga, Mama. Lina utamu wake. Wewe ndiye umelizoea na sukari."

Uma ulipozama ndani ya boga bila kusukumwa, binti aliepua. Bibi akaona wakati wake umefika. Akafungua kanga, akaliweka chujio mezani, akalipapasa kama anayempanga mtoto nywele mbele ya wageni.

"Tutachujia hili."

Binti alilitambua. Alilichukua kwa mikono miwili, akalipeleka dirishani, akaligeuza kwenye mwanga.

"Limeshika kutu, Mama."

"Hiyo si kutu, ni uzee. Mimi mwenyewe ninao na hujanitupa."

"Ninalo jipya."

"Jipya halimjui baba yako."

Binti aliupangusa ukingo wake kwa kidole gumba. "Hata mimi namkumbuka," alisema. "Lakini hili haliingii kinywani mwa mtoto." Akaliweka juu ya kabati, polepole, kama kitu kinachoweza kuamka.

Mara mteja akabisha chumba cha mbele, amekuja kujaribu gauni. Binti akamweka mtoto begani, akaelekea huko, akasema bila kugeuka, "Mama, usiguse kitu. Nakuja."

Kumwambia Bi Chokochoko asiguse kitu ni kumwonyesha pa kugusa. Alilishusha chujio kwa mpini wa mwiko, akalisuuza kwa maji ya moto, akamimina nusu ya boga na kulikandamiza kwa mgongo wa kijiko. Rojo ikashuka bakulini, laini, ya rangi ya machungwa, na mvuke ukampanda usoni. Kwa kitambo kile jiko likawa lile la zamani: kizingiti, harufu ya risasi, mtu mwenye ndevu akiuliza kama tayari. Bibi alitabasamu peke yake. Tayari, alitaka kumwambia. Kisha akakumbuka kwamba fundi asingeuliza hivyo. Angeuliza, "Umelilamba?"

Hakuwa amelilamba.

Aliliosha tena, akafumba macho, akapitisha ulimi juu ya matundu. Ukakwaruzwa. Ikaja ladha ya chuma. Akaligeuza, akajaribu upande wa pili, kama mtu aliyeshindwa kesi anayekwenda kwa hakimu mwingine. Hukumu ilikuwa ileile. Akaichungulia rojo iliyokuwa bakulini, akaona kipande kidogo chekundu cha kutu, kimekaa juu kabisa.

"Haya," alimwambia fundi. "Na wewe uko upande wake."

Akaimwaga rojo yote kwenye ndoo ya taka.

Binti aliporudi aliangalia sufuria. "Boga limepungua."

"Nimeonja."

"Nusu sufuria?"

"Ulimi wangu siku hizi mzito."

Jicho la fundi cherehani likatoka kwenye sufuria, likaenda juu ya kabati palipokuwa patupu, likashuka kwenye chujio lililolowa. Bibi hakungoja kuulizwa. Alitoa ulimi, kama mgonjwa mbele ya daktari. Katikati palikuwa na alama nyekundu.

"Baba yako ndiye aliyelikataa," alisema alipourudisha. "Mimi ningelipitisha."

Binti alitaka kukasirika, uso ukakataa. Akacheka mpaka mtoto begani akatikisika, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Akalitoa chujio jipya na kulikabidhi kwa mama yake. Bibi alilikagua, akafumba macho, akalilamba lote, taratibu.

"Linafaa."

Binti akalichukua, akaliosha kwa sabuni na maji ya moto, kama mama yake alivyolisuuza lile la zamani.

Boga lililobaki lilipita vizuri. Wakalilainisha kwa maji yake lenyewe, wakachota kidogo kwenye kibakuli, jingine likafunikwa na kuingia friji likiwa bado halijaguswa na mate ya mtu.

"Kitakachobaki kibakulini hakirudi," binti alisema. "Kinamwagwa."

"Au nakila mimi."

"Au unakila wewe. Shika, Mama. Mlishe."

Bibi hakutegemea. Alikishika kijiko, akachota kidogo. Aligusisha rojo nyuma ya kiganja, haikuunguza. Mjukuu alikikodolea kijiko macho, akapanua. Rojo ikaingia, nusu ikatoka, akaisukuma kwa ulimi, akakunja uso, akafikiri. Kisha akapanua tena.

Bibi aliinua kijiko cha pili na kutazama pembeni. Binti alikuwa amechuchumaa kando ya mtoto, mikono magotini, macho kwenye kijiko, na mdomo ameupanua wazi kabisa, bila habari.

Kijiko kilisimama hewani.

"Funga mdomo," bibi alisema. "Lako ulishalishwa."

"Sijapanua."

"Baba yako naye alikuwa akibisha hivyohivyo."

Binti aliufunga. Mtoto alilia kudai chake, kijiko kikashuka, na ule mdomo mkubwa ukafunguka tena. Safari hii bibi aliuacha wazi. Alilisha polepole kuliko ilivyohitajika, ili aendelee kuutazama.