Mashuka ya Bi Mandina

Dirisha la jikoni kwa marehemu mama linatazamana na la Bi Mandina, na kati yao, juu ya kichochoro ambacho punda mnene asingepita, kuna kamba ya kuanikia nguo. Kapi moja la kupitishia kamba limepigiliwa ukutani kwetu, la pili ukutani kwake, ambao ni ukuta wa Kaisari. Hapa mjini Split tuliozaliwa ndani ya jumba la kale la Kaisari wa Roma, ambalo siku hizi ni mtaa wa watu, tuko wengi, na hatukuwahi kuona ajabu. Nguzo yake ilitokeza hadi sebuleni kwetu, na mama akaigeuza mahali pa kutundikia vitunguu saumu.

Kamba yenyewe ni ya mzunguko: mmoja akivuta, nguo za mwenzake nazo zinasogea. Mama na Bi Mandina waliwahi kununiana kiangazi kizima kwa sababu ya paka, lakini kila mmoja alimngoja mwenzake amalize kuanika ndipo avute. Walipopatana, hata sahani ya dagaa wa kukaanga ilivuka kwa kamba hiyo, ndani ya kikapu, na sisi watoto chini tukiomba idondoke.

Mama alipofariki, mimi nilikuwa nimeshahamia maghorofani huko juu ya mji. Nikawa nashuka kila Jumamosi, eti kupitisha hewa ndani ya nyumba. Ukweli ni kwamba nilitaka kuiuza. Paa linavuja, ngazi zinaniua magoti, na majirani wote walishauza. Pale alipokuwa akikaa fundi viatu sasa wanauza sumaku za kubandika kwenye friji. Mnunuzi nilikuwa naye, mtu wa Zagreb, mji mkuu, na alishaanza kuchoka kunisubiri. Lakini kila Jumamosi nilipofungua dirisha nikakuta mashuka meupe ya Bi Mandina yamejaa kambani, nilishindwa kumwambia. Alikuwa amebaki peke yake. Nitamwambiaje bibi wa watu kwamba nakwenda kumwachia kichochoro kizima cha wageni wa kupanga na masanduku yao?

Jumamosi hiyo nilipiga moyo konde. Bura ilikuwa inavuma, upepo wetu mkavu wa milimani, na chini watalii walikuwa wanayapiga picha mashuka.

"Nevenka, waambie hata Kaisari alifuliwa chupi," Bi Mandina akaniambia kutoka dirishani kwake. "Kisha uje unywe kahawa."

Nikaenda. Tulizungumza habari za mama, jinsi alivyokuwa akiimba kwa sauti mbaya huku anamenya viazi, na jinsi alivyomkataza padri asikanyage sakafu yake mbichi. Nikaona nikizidi kungoja nitarudi nilivyokuja.

"Bi Mandina, nataka kuuza nyumba."

Akakoroga kahawa yake, ingawa huwa haweki sukari.

"Huyo mtu anafua?"

"Atapangisha wageni."

"Basi hafui."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikainuka nimshike, kumbe bibi anacheka.

"Kaa chini, mwanangu. Mimi yangu nimeuza tangu kabla ya Pasaka. Kijana wangu Tonči anataka nikakae naye mjini Rijeka, kila wiki ananipigia simu ananigombeza. Namwambia subiri, mtoto wa jirani yangu marehemu Perina anakuja kila Jumamosi, huyu anajiandaa kurudi kwao. Nitamwachaje hapa peke yake?"

"Lakini mimi nilikuwa nashindwa kuuza kwa sababu yako. Naona mashuka, nasema mwenyewe yupo, anaishi, nitamkatiaje kamba?"

"Mashuka gani? Tangu mzee wangu afe nalala kwenye kochi. Yale hayajalaliwa na mtu. Nayafua kila Ijumaa ili ukifungua dirisha usikute kamba tupu."

Nililia pale pale, na yeye akaacha kucheka. Akanifuta uso kwa aproni yake yenye harufu ya kitunguu, akaniita mjinga, akajiita mjinga na yeye. Kisha akasema tukaanue, jua lilikuwa linaondoka.

Nikarudi jikoni kwa mama. Mimi nilivuta, yeye akatoa vibanio upande wake na kukunja, shuka baada ya shuka. Jingine lilipoenda mrama kwa upepo tulicheka. Mwisho likabaki moja, katikati ya kichochoro.

"Nalileta," nikamwambia.

"Liache kwanza. Bado bichi."

Kwa bura ile lilikuwa limekauka tangu asubuhi. Nikaliacha.