Fundi wa Bastola ya Marehemu

Jumanne jioni, katika mji wa Crystal, Minnesota, Perpétue alikuwa akipiga pasi sare yake ya kazi marehemu mumewe alipoingia, akakung'uta theluji viatuni, akauliza lile lile.

"Fundi amepatikana?"

"Bado, Papa Héritière."

"Bado, bado! Mpaka lini?"

Jamani, hata kufa hakukumfunza subira mtu huyu. Tangu familia ifike Minnesota, Bagalwa, baba wa binti yao Héritière, alikuja kila giza likianza kuingia, na bastola ya babu yake mkononi, ile ya enzi za Wabelgiji. Kwenye uwanja wa ndege haikumsumbua, kwa kuwa wafu hawapekuliwi. Siku wenye silaha walipovamia nyumba yao Bukavu aliwaelekezea, akavuta, ikalia ta, basi. Wao zao zililia vizuri. Sasa alitaka itengenezwe, ajue ilimkosea nini. Perpétue alitaka itengenezwe ili marehemu apumzike, na yeye mwenyewe apumzike. Siku za kwenda kwa fundi, Bagalwa alimwachia bastola mezani.

Perpétue hakujua kuendesha gari, na huku bila gari umefungwa. Aliyempeleka kazini, kanisani na kwa mafundi ni Thaddée, mdogo wake Bagalwa, shemasi, mtu wa kujitolea. Ndiye pia aliyemtafsiria. Fundi wa kwanza, wa Golden Valley, alisema mengi.

"Anasema imezeeka," akatafsiri Thaddée.

Wa Coon Rapids akasema mengi zaidi, akigonga meza kwa kidole.

"Huyu naye anasema imezeeka."

Mwendo wote ule, barafu barabarani, kwa neno moja! Perpétue alichoka mpaka akachoka kuchoka.

Mara ya tatu, Saint Paul, Thaddée alibaki garini akiongea na mchungaji kwenye simu. Fundi alifungua bastola, akamwonyesha Perpétue mahali patupu. Hakuna kilichovunjika, kitu kilikuwa kimetolewa. Akamchorea juu ya bahasha: kichuma cha kugonga risasi, chembamba kama msumari, chenye tundu kichwani.

Perpétue alikijua. Kilining'inia kwenye funguo za Thaddée. Miaka yote alikiita ukumbusho wa nyumbani.

Akarudi garini.

"Shemeji, nipe hicho."

Thaddée alizima gari, akakichomoa, akampa.

"Wale wenye silaha walitaka mmoja, Mama Héritière. Yeye, au sote."

"Na ukanizungusha Minnesota nzima!"

Alitamani kumzaba kofi. Lakini zamu yake ilikuwa ikikaribia, na upande ule basi halifiki. Akampelekea fundi kichuma, kikaingia mara moja.

Jioni Bagalwa alivuta, tupu bila risasi, ikalia sawasawa. Akatabasamu. Perpétue alimwambia kuna kichuma kilichokuwa kimetolewa.

"Nani alikuwa nacho?"

"Fundi," akasema Perpétue.

Akadhani yamekwisha. Kesho yake giza likaingia, na Bagalwa huyo, anakung'uta theluji.

"Risasi zimepatikana?"

"Bado, Papa Héritière."

Nje honi ya Thaddée, aliyekuja kumpeleka kazini, ililia. Perpétue akavaa koti, akatoka, akaketi kiti cha mbele cha gari, akafunga mkanda.