Keki ya Saa Kumi

Kwa miaka thelathini na moja fundi alikuwa akila keki ya chokoleti ya mkewe, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kuiona ikitengenezwa. Jikoni alikuwa mtu wa kuingia na sahani tupu na kutoka na iliyojaa. Nyumba yenyewe aliijenga kwa mikono yake, kuanzia msingi hadi paa, na mgeni akiingia hazikupita dakika kumi kabla hajaoneshwa sakafu. "Mwaga maji hapo," fundi angesema, "uone kama yatajua pa kwenda." Mgeni hakumwaga, kwa heshima.

Sasa mkewe alikuwa ameteleza bafuni, mkono wa kulia umefungwa plasta kuanzia kiwiko hadi vidoleni, na siku hiyo hiyo, saa kumi alasiri, mwenye mkahawa wa pale kona angekuja kuonja. Miaka tisa mama huyu alikuwa akipita mbele ya kabati la kioo la mkahawa ule, anazitazama keki kavu zilizopangwa ndani, anasema, "Siku moja." Siku yenyewe ndiyo hiyo. Na mwenye mkahawa hakuwa mtu wa maneno mengi: ataonja mara moja, akipenda kabati ni la mama, asipopenda basi.

"Mikono ninayo," fundi alisema asubuhi hiyo akikunja mikono ya shati. "Kichwa toa wewe."

"Na mdomo?"

"Mdomo nitaufunga."

"Hapo ndipo napoogopa," mkewe akasema, akavuta kiti akaketi kando ya meza.

Kazi ikaanza. Unga, kakao na bekingi poda vilipita kwenye chekeche mara mbili, kwa sababu mara moja, alisema mama, ni uvivu. Vikafuata sukari, mayai, mafuta na mtindi. Fundi alikoroga mpaka kijasho kikamtoka, na mkewe hata hakuangalia bakuli. Alikuwa amefumba macho, anasikiliza mwiko unavyogonga. "Bado," alisema. Kisha, "Bado." Kisha, "Hapo hapo, acha." Fundi alitazama: mchanganyiko ulikuwa laini, hauna hata donge moja. Alikuwa amefanya kazi na mainjinia wenye michoro mipana kama shuka, lakini hakuwahi kuona mtu anayeijua kazi yake kiasi hicho. Alijisikia fahari, na aibu kidogo kwamba alikuwa amechelewa kuona.

"Sasa mimina kahawa," mkewe akamwambia. "Ikiwa ya moto hivyo hivyo. Yote."

Akamimina. Mchanganyiko uliokuwa mzito, wa heshima zake, ukalegea papo hapo ukawa kama uji wa mgonjwa. Miaka arobaini alikuwa amegombana na vibarua kwa ajili ya maji. Mchanganyiko mwepesi ulikuwa adui yake, na aliwahi kubomoa ukuta wa siku mbili kwa sababu hiyo tu. Akauma ulimi. Lakini hapo hapo jirani akabisha hodi, amekuja kumjulia hali mgonjwa, na mkewe akaenda mlangoni.

Fundi akabaki peke yake na lile bakuli. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akachota vikombe viwili vya unga, akakoroga haraka haraka, na mchanganyiko ukasimama vizuri. Alipomaliza kuugawa kwenye vyombo vitatu na kuviingiza kwenye oveni, alihisi ameiokoa familia nzima.

Mkewe aliporudi aliinama, akatega sikio kwenye mlango wa oveni. "Keki yangu huwa inanong'ona," akasema. "Hii imenuna."

Zilitoka zimevimba katikati na kupasuka juu, zote tatu. Mama akamega kipande kwa mkono wa kushoto. Kikavunjika, makombo yakamwagika sakafuni.

"Umeongeza unga."

"Kidogo."

"Fundi."

"Vikombe viwili. Jamani, ulikuwa majimaji! Kwa mchanganyiko ule ningejenga ukuta, wangenifunga!"

Angefokewa ingekuwa nafuu. Mkewe alitazama saa ya ukutani, saa tano na nusu, kisha akatikisa kopo la kakao. Ilikuwa imebaki ya keki moja tu. "Hatuna ya kujaribu mara ya tatu," akasema kwa sauti ndogo. "Fagia hayo makombo, tuanze upya."

Fundi alipiga magoti, akafagia hadi chini ya oveni. Chini ya mguu wa mbele aliona kipande cha kadibodi kilichokunjwa mara nne, cheusi kwa uzee.

"Takataka hii inafanya nini hapa?"

"Usiitoe!"

"Kwa nini?"

"Bila hiyo keki inalala upande. Huku nene, huku nyembamba."

Fundi akaenda kuleta pima maji, kile kifaa cha kuonesha usawa kwa kiputo cha hewa, kutoka kwenye mfuko wake wa kazi, akailaza sakafuni. Kiputo kikakimbilia upande wa ukuta, kikakaa huko huko.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu keki ya kwanza."

Kila mgeni aliyeingia nyumba ile alisimuliwa habari za sakafu hii, na kila mara mkewe alikuwa amesimama pale pale, akiitikia: "Kweli, fundi huyu hana mwenzake." Fundi hakuinuka. Macho yalikuwa yanamwasha, na wala si kwa moshi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungebomoa jiko zima. Mimi nilitaka kupika."

Fundi akachana kifuniko cha boksi, akakikunja, akakiongeza juu ya kadibodi ya mkewe chini ya ule mguu, akaweka pima maji juu ya oveni. Akakunja tena, akapunguza, akainama, akainuka, mpaka kiputo kikasimama katikati. "Imekaa," akasema.

Safari hii aliimimina kahawa yote na hakutia neno. Kopo la unga alimpa mkewe alipakate, asije akashawishika. Oveni ilipoanza kunong'ona wote wawili walitega sikio, na mnong'ono ulipobaki mdogo sana mama akasema, "Toa." Zilitoka laini, zimelala sawa. Zilipopoa, fundi akazipaka krimu ya chokoleti, na hapo hakuhitaji kufundishwa: aliisawazisha kama anayepiga ukuta lipu, mpaka mkewe akasema, "Kumbe!"

Saa kumi kamili mwenye mkahawa aliingia, miwani ikining'inia kifuani, akaonja akiwa amesimama. Uma ulizama bila hata kombo moja kuanguka. Akala kipande chote. Kisha akavuta kiti, akaketi, akasogeza sahani aongezewe.

"Kabati ni lako, mama. Kuanzia Jumatatu."

Mkewe aliziba mdomo kwa mkono mzima, machozi yakamtoka. Mwenye mkahawa aliizungusha keki taratibu. "Na imenyooka! Nani kainyoosha hivi?"

"Mume wangu," mama akaanza, "fundi huyu hana..."

"Yeye," fundi akamkatiza. "Humu ndani kila kitu ananyoosha yeye. Sakafu hii niliijenga imepinda."

Mkewe akageuka kumtazama. Lakini fundi alikuwa tayari amepiga magoti mbele ya oveni, anamwita mgeni kwa mkono.

"Njoo uone," akasema, "alichoweka hapa."