Mtu wa Juu ya Paa

Lyndon Sigmon aliuchukia uwanja ule tangu alipotua kiti chake cha kukunja kando ya uzio. Gari lilitokea mitini upande wa kushoto, likapita mbele yake likinguruma, likakata kona, likamezwa na miti ya upande wa kulia. Basi. Baada ya hapo mtu alibaki akiitazama misonobari. Sasa nani mwenye akili zake angelipa kiingilio ili aitazame misonobari? Kwake kule Carolina Kaskazini ilijaa mpaka nyuma ya banda la mbwa, tena bure.

"Limekwenda wapi tena?" aliuliza.

"Limekwenda mbio, shemeji. Ndiyo kazi yake." Aliyejibu ni Dwight Huffman, kaka wa mkewe na fundi wa gari la familia, aliyekuwa akipaka jibini ya pilipili kwenye mkate kwa kisu kilekile alichokatia mpira wa bomba asubuhi. "Tulia. Litarudi."

"Litarudi lini?"

"Likishamaliza kona zake. Kona za kushoto, kona za kulia, milima, mabonde. Huku watu wanaendesha, Lyndon. Hawazunguki kama punda wa kinu."

Lyndon hakucheka. Alikuwa amechoka. Magoti yalimuuma kwa safari ya kuja Virginia kwenye pikapu yenye kiti kilichobonyea, jua la Julai lilimkalia utosini, na kubwa kuliko yote, moyo wake ulikuwa umechoka kubembeleza. Ndani ya lile gari jeupe lililomezwa na miti alikuwamo bintiye Kendra. Grady Poovey, mwenye magari bora kuliko yote kule kwao, alikuwa ametaka kumpa Kendra gari la kushindana kwenye mbio kubwa za vuli, za uwanja wa duara wa Crowder Gap, na alitaka jibu kabla jua halijazama leo. Watu wa Crowder Gap huzeeka wakisubiri simu ya Grady Poovey. Kendra alikuwa amemwambia baba yake kwamba atajibu hapana, asante. Alipoulizwa sababu alisema anapenda kona.

Anapenda kona! Msichana aliyeota meno akiitafunatafuna kamba ya bendera pale Crowder Gap!

Lyndon alikuwa na hoja zake, na kila mtu aliyepata kusimama naye foleni ya soseji alikwisha kuzisikia. Kwenye duara, alisema, mbio zote ziko mbele ya macho yako. Umekaa na karanga zako za kuchemsha, mkeo ubavuni, na unamwona anayeongoza, anayemfukuza, na yule mjinga wa mwisho anayetoa moshi. Mtu akimsukuma mwenzake ukutani, watu elfu mbili wameona, na hakuna wa kudanganya kesho kanisani. Lami ni fupi, imeinama kama bakuli, magari yameumana mkia kwa pua, na kila mtu anamjua mama wa kila mtu. Ni ugomvi wa nyumbani. Lakini huku! Huku gari linaingia msituni peke yake kama mlevi, na likitoka limepitwa, nawe hujui na nani, kwa nini, wala kama alistahili.

Hayo ndiyo aliyoyasema kwa watu. La ndani zaidi hakulisema. Kule kwenye duara yeye alikuwa mtu wa juu.

Kila gari kule lina mtu wake juu ya paa la jukwaa, mwenye redio, maana dereva amefungwa mikanda kifuani, shingo imebanwa, dirisha lina wavu, na haoni kilicho ubavuni mwake. Mtu wa juu ndiye anayeona. Husema "nje," yaani kuna gari upande wa ukutani. Husema "bado nje, bado nje." Kisha husema "wazi," na dereva hukata usukani papo hapo, bila kugeuza kichwa, kwa mwendo ambao ukikosea utakusanywa kwa koleo. Kendra alianza mashindano akiwa na miaka kumi na minne, na tangu siku hiyo hakuna sauti nyingine iliyopata kuingia sikioni mwake. Kule hata mume na mke walioachana huendelea kupeana "nje" na "wazi" msimu mzima, kwa sababu kumfukuza mtu wako wa juu ni kumwambia mbele ya watu kwamba neno lake si neno tena. Anayefukuzwa hata soseji huenda kununua mji mwingine.

"Anakuja," alisema Dwight.

Gari jeupe lilichomoza kwenye miti. Lyndon alikuwa na redio yake masikioni, ingawa hapa kazi yake ilikuwa ya kuonewa huruma: kona moja na kipande cha barabara iliyonyooka. Alizungumza sekunde chache tu, kisha alikaa kimya kama aliyenyimwa chakula.

"Uko vizuri, mwanangu. Nyuma hakuna mtu."

"Sawa, Baba," ilijibu sauti ya Kendra, nayo ikatoweka mitini pamoja na gari.

"Umeona?" Lyndon alimgeukia shemeji yake. "Amekuwa wa saba. Kule kwetu angekuwa wa pili. Hawa watu na miamvuli yao na mvinyo wao kwenye bilauri za plastiki wamemroga."

"Hajarogwa."

"Basi niambie wewe. Kwa nini anamkatalia Grady? Kakwambia nini?"

Dwight alitafuna mkate wake muda mrefu kuliko mkate ulivyohitaji.

"Anapenda kona," alisema hatimaye, na hakumtazama usoni.

Vuli iliyopita, kule Crowder Gap, Kendra aliumia. Alikuwa akitoka kona ya nne, Lyndon akasema wazi, Kendra akakata, kumbe kulikuwa na gari jeusi ubavuni. Walikwenda ukutani wote wawili. Alivunjika mfupa wa bega. Kabla hata hawajamtoa garini alisema kwenye redio, kila mtu akasikia, kwamba kosa ni lake, alikata kabla baba hajamaliza kusema "bado." Lyndon aliipokea habari hiyo kama mtu aliyepewa maji ya kunywa. Siku ile aliona jua limekaa vibaya. Tangu hapo jua lilianza kukaa vibaya mara nyingi, hata siku za mawingu, na taa za barabarani ziliota ndevu, lakini daktari wa macho alikuwa mbali na Lyndon alikuwa na shughuli.

Mizunguko ikaenda. Kendra akawa wa sita, akawa wa tano, na kila alipopita Lyndon alijikuta akiinuka kitini kwa mazoea, kama yuko juu ya paa. Sasa Kendra alikuwa akimfukuza mtu wa nne. Magari yalipotokea mitini safari nyingine, Lyndon aliona jeupe limekwisha kupita. Nyuma yake palikuwa na lami tupu iliyotetema kwa joto.

"Umempita!" alisema kwenye redio. "Wazi, mwanangu. Wazi!"

Gari jeupe halikukata. Lilibaki palepale, likaja moja kwa moja mpaka mbele ya uzio, karibu kabisa, na kwa ukaribu ule hata Lyndon aliona vizuri. Kendra aligeuza kichwa. Helmeti nyeupe iligeuka kulia, ikatazama kioo cha pembeni, ikatulia. Ubavuni mwake, pua yake ikiwa usawa wa mlango, kulikuwa na gari la kijivu, rangi ya lami. Wakapita hivyo, sambamba. Mbele kidogo gari la kijivu likabaki nyuma, na hapo ndipo jeupe lilipokata, taratibu.

"Asante, Baba," ilisema sauti ya Kendra kwenye redio, kana kwamba amesaidiwa.

Lyndon alikaa. Katika miaka yote ile hakuwahi kumwona bintiye akigeuza kichwa. Alihisi aibu, na chini ya aibu hofu, maana sasa alijua sawasawa ni kitu gani kilitokea kona ya nne.

"Dwight."

"Naam."

"Lile gari la kijivu. Wewe uliliona toka wapi?"

"Toka mitini."

"Na lile jeusi? Vuli iliyopita?"

Dwight aliufunga mkate uliobaki ndani ya karatasi, akaufungua, akaufunga tena. "Kila mtu aliliona, shemeji."

"Mkanyamaza."

"Ungekuwa wewe ungesema nini? Tulingoja useme mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa kifo hakikuwa chako, kilikuwa cha mtoto. Nilitaka kukwambia Krismasi. Kendra akaniapisha. Akasema atatafuta njia." Alionyesha kwa kidevu msitu ule, na barabara iliyopindapinda ndani yake. "Basi njia yenyewe ndiyo hii. Huku kuna vioo, kuna nafasi, mtu anatazama mwenyewe. Huku hakuna anayehitaji mtu wa juu."

Mashindano yalikwisha Kendra akiwa wa nne. Alikuja akitembea, nywele zimemlowa, bega moja limeshuka kidogo kama lilivyokuwa tangu lilipounga. Alichota barafu kwenye kasha la vinywaji akajipaka shingoni.

"Umeonaje, Baba? Ile kona uliponiona, tamu, eh?"

"Tamu," alisema Lyndon. "Unaipenda kweli?"

"Naipenda."

"Kendra, mimi nimekulea. Ukiongopa sikio lako la kushoto linakuwa jekundu."

Kendra aliangua kicheko, kisha akamwona mjomba wake anatazama viatu, na kicheko kikakatika.

"Umemwambia," alimwambia Dwight.

"Ameona mwenyewe."

"Wewe," Lyndon alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetembea sana, "ungenifukuza tu. Watu wangesema wiki mbili, wakachoka. Ungeweka mtu mwingine juu, mimi ningekaa chini. Kwa nini uache kila kitu? Au, kama hukutaka kunifukuza, ungeniacha niseme yangu, na wewe usinisikilize."

Kendra alikaa chini kwenye majani, akaegemeza mgongo kwenye mguu wa kiti cha baba yake.

"Nilijaribu," alisema. "Machi, siku ile ya mazoezi. Nilijiambia, Baba akisema wazi leo, usikate, hesabu kwanza. Ukasema wazi. Mikono ikakata yenyewe, Baba. Sikuiambia. Bahati tu hapakuwa na mtu." Alijifuta uso na mkono wa shati. "Kule mwili wangu hauwezi kutokukuamini. Ndiyo maana nimekuja huku."

Lyndon aliuweka mkono wake kichwani kwa bintiye, akauacha hapo. Kisha akakohoa.

"Mpigie Grady. Jua halijazama."

"Baba..."

"Mpigie nikiwa nasikia."

Kendra akapiga. Sauti ya Grady Poovey ilitoka kwenye simu, kubwa na ya furaha. Alimpongeza, akamtania kwa kumchelewesha kama bibi harusi, kisha akauliza lile ambalo kila mwenye gari huuliza kabla hajatoa funguo.

"Na juu ya paa nimweke nani? Mzee wako kama kawaida?"

Kendra alimtazama baba yake. Lyndon alitikisa kichwa kukataa, mara moja tu.

"Hapana," Kendra alisema. "Mweke mjomba wangu."