Boti Nane Chini ya Uwanja

Sajini mmoja wa zimamoto, ambaye wenzake walimwita Mama Kamba kwa sababu hakuna fundo lililowahi kumshinda, siku ya kimbunga alikwenda kuiba boti. Yeye mwenyewe asingelitumia neno hilo. Angesema alikwenda kuchukua kilicho chao kabla wengine hawajakibeba.

Kimbunga kilitarajiwa kutua jioni. Tangu alfajiri mji mzima ulikuwa mbioni. Watu walipigilia mbao madirishani, hospitali ilipandisha wagonjwa ghorofa za juu, malori ya jeshi yalisomba wakazi wa mabondeni. Katikati ya heka heka zote hizo, zimamoto na jeshi walikuwa wanagombania boti nane za mpira. Zilinunuliwa kwa ajili ya mji, zikafungiwa kwenye stoo chini ya majukwaa ya uwanja wa mpira, na barua ya kusema nani azitumie haikuwahi kutiwa saini. Kikao kilikaa asubuhi, wakubwa wakavutana mpaka sauti zikawakauka, kisha wakaahirisha hadi saa nane mchana.

"Saa nane!" Mama Kamba alisema alipopata habari. "Na kimbunga nacho wamekipelekea barua kiahirishe?"

Akawaaga wenzake kwamba anakwenda kukagua mabomba ya maji mitaani. Mfukoni alikuwa na nakala ya ufunguo aliyoachiwa na mtunza stoo aliyestaafu. Nia yake ilikuwa kwanza ahakikishe boti ni nzima, ndipo aite gari. Tena alikuwa na jambo lake la pembeni: kufikia saa sita awe nyumbani kwa mama mkwe wake, kule barabara ya chini, amtoe. Bibi yule nyonga zilikuwa zimemchakaa, na mdomo wake haukuwa na breki. Jana yake alimwambia kwenye simu, "Mimi sibebwi na watu nisiowajua kama gunia la mkaa. Nitatoka na wewe, mkwe wangu." Naye akamjibu, "Basi nisubiri, mama. Usiende na mtu. Saa sita niko hapo." Mumewe alikuwa kazini mbali, na watoto walikuwa wameshapelekwa kwa dada yake mlimani. Bibi ndiye aliyebaki.

Alipofika uwanjani alikuta lango la stoo, lile la chuma la kujikunja kwa umeme, limeinuliwa nusu. Akainama, akaingia. Ndani kulikuwa na mgongo mpana wa mwanajeshi aliyeinamia maboksi. Aliujua mgongo ule tangu mazoezi ya pamoja ya mwaka uliopita. Alikuwa koplo ambaye hata kambini kwao walimwita Kabati.

"Hodi, mwizi," alisema Mama Kamba.

Koplo akaruka kama kaguswa na waya. "Ah! Shikamoo, mama."

"Sitaki shikamoo yako. Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma." Akakuna shingo. "Na wewe nani kakutuma?"

Walitazamana, kila mmoja akijaribu kuudhika kuliko mwenzake, ikawa vigumu. Koplo alisema lori lake liko nyuma ya ukuta, kalificha, na kambini wanajua yuko bado kwenye kuhamisha watu. Hapo ndipo gari la polisi liliposikika likikaribia kwa king'ora. Mama Kamba, bila kufikiri, alinyoosha mkono akabonyeza kitufe cha ukutani. Lango likashuka likinguruma mpaka sakafuni. King'ora kikapita, kikafifia. Akabonyeza tena ili alifungue.

Kimya. Taa nayo ilikuwa imezimika.

Shirika la umeme lilikuwa limetangaza kukata umeme saa sita, kwa usalama. Saa ya koplo ilionyesha saa nne na robo.

"Kuna mnyororo wa kuinulia kwa mkono," koplo alisema.

"Ulikuwepo," alijibu Mama Kamba. "Uliibwa mwaka juzi. Niliandika ripoti mimi mwenyewe."

Walijaribu mabega. Walijaribu nondo, ikapinda. Walipiga lango kwa nyundo mpaka mikono ikafa ganzi, lakini uwanja ulikuwa mtupu na nje upepo ulikuwa umeshaanza kupiga kelele zake. Simu hazikushika mtandao chini ya zege lile. Redio ya mkononi ya Mama Kamba ilikoroma tu. Kulikuwa na matundu sita juu kabisa ya ukuta, kila moja ukubwa wa tofali, na mwanga ulioingia humo ulikuwa wa kijivu.

"Watatutafuta," alisema koplo.

"Wapi? Wewe uko kwenye kuhamisha watu, mimi nakagua mabomba."

Kabati akakaa juu ya boksi la majaketi ya kuokolea maisha. Kulikuwa na majaketi mia mbili mle ndani, na kofia ngumu, na kamba za kila unene. Mama Kamba alitembea kutoka ukuta hadi ukuta, hatua kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi. Saa tano ikapita. Saa sita ikafika, naye bado anatembea.

"Keti, mama. Unanitia kizunguzungu."

"Kuna mtu ananisubiri. Mama mkwe wangu, barabara ya chini. Nilimwambia saa sita."

"Barabara ya chini tumeimaliza asubuhi," koplo alisema kwa upole, akidhani anampa faraja. "Nyumba kwa nyumba. Mimi mwenyewe nilikuwepo. Wote wametoka, isipokuwa wachache waliokataa. Kuna bibi mmoja, loh! Alinifungia mlango usoni. Kanitukana mpaka ukoo wangu. Eti yeye anamsubiri mkwe wake..."

Mama Kamba alisimama. "Mlango wa buluu?"

"Wa buluu."

"Ukafanya nini?"

"Nilifanya tulivyoagizwa." Koplo alitazama viatu vyake. "Nikaweka msalaba mwekundu."

Wote wawili walijua maana yake. Mlango wenye msalaba ni wa mtu aliyekataa kwa hiari yake, na hakuna gari litakalorudi kumbembeleza. Mama Kamba alitaka kumrukia, amkwangue uso ule mpana kwa kucha. Lakini hasira ilipopanda ilikosa pa kwenda. Msalaba kauweka koplo, ila aliyemfungia bibi ndani ni nani? Usiende na mtu. Maneno yale yalitoka kinywani mwake yeye. Na kitufe cha lango kilibonyezwa na kidole chake yeye. Akageuka akalipiga lango ngumi moja, ikamuumiza, akaketi sakafuni.

Sakafu ilikuwa na maji.

Yalikuwa yanaingia kupitia mtaro mwembamba wa kutolea maji uliopita chini ya lango. Stoo ilikuwa imechimbwa chini ya usawa wa barabara, na mvua iliyoanza nje ilikuwa imepata pa kukimbilia. Koplo aliwasha tochi. Walitazama maji yakijipenyeza kwenye wavu wa mtaro, yakitambaa kuelekea maboksi.

"Tutakufa maji tumekalia majaketi mia mbili," alisema Kabati, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Mama Kamba hakumsikia. Alikuwa anautazama ule mtaro. Maji yakiweza kupita chini ya lango, kuna nafasi. Alichomoa wavu, akatia mkono. Kina chake kilikuwa kama shubiri moja, upana shubiri mbili. Jeki isingeenea. Lakini kitu chembamba, kitu kinachoweza kuingia kikiwa kimelala halafu kikanenepa...

"Yale maputo ya kutelezeshea boti," alisema. "Yako wapi?"

Yalikuwa nyuma ya injini. Yalikuwa mirija minene ya mpira, mirefu kama mtu, ambayo boti huviringishwa juu yake kuelekea majini. Puto lililotolewa hewa lilikunjika kama blanketi. Walilisukuma ndani ya mtaro mpaka nusu yake ikawa chini ya ukingo wa lango, wakaunga pampu ya mguu, koplo akapanda juu yake na kilo zake zote.

Alikanyaga. Puto likajaa polepole, likajibana, likalia kwa kusuguana na zege. Lango halikutikisika. Aliendelea, jasho likimtiririka. Halafu chuma kikatoa mlio kama mtu anayeng'olewa jino, na mstari mwembamba wa mwanga ukatokea sakafuni.

"Usisimame!"

"Nani kasimama?"

Waliegemeza kofia ngumu chini ya ukingo, kisha wakaingiza injini ya boti iwe kigingi. Pengo lilifika shubiri moja na vidole vinne, likagoma hapo. Mama Kamba alivua koti, akalala kifudifudi kwenye maji, akapitisha kichwa kwanza. Katikati akakwama. Chuma kilimkandamiza mgongo, hewa ikamtoka, kwa muda hakwenda mbele wala nyuma, akafikiria kwamba watamkuta hivi, nusu ndani nusu nje. Koplo akamsukuma nyayo kwa nguvu zote. Akatoka kwenye mvua akiwa amechubuka mgongo mzima.

Kabati, hata wangempaka mafuta, asingepita. Mkono wake ukatokea chini ya lango na funguo za lori.

"Gari la jeshi haliendeshwi na raia," alisema kutoka ndani. "Kwa hiyo usimwambie mtu."

Mama Kamba aliliendesha. Alifunga mnyororo wa kuvutia kwenye ukingo wa lango, fundo lake lile lisiloachia, akakanyaga mafuta. Lango lilichanika upande mmoja, likapinda juu kama mfuniko wa kopo. Ilikuwa saa tisa kasoro. Walipakia boti zote nane, injini nne na majaketi machache huku upepo ukijaribu kuwanyang'anya. Ndipo redio ilipozinduka, na sauti ya mkuu wa kituo ikajaa kabini.

"Mama Kamba! Uko wapi? Kutwa nzima tunakutafuta!"

Akaeleza kwa kifupi. Mkuu alivuta pumzi. "Leta boti kituoni moja kwa moja. Soko la chini limeanza kuzingirwa na maji, kuna watu juu ya paa. Barabara ya chini imefungwa, asipite mtu."

"Mkuu, mama mkwe wangu yuko huko."

"Mlango una alama?"

Alimtazama koplo. "Una alama."

"Basi unajua utaratibu, sajini. Boti kwanza."

Walikuwa wamefika njia panda. Kulia ni kituoni, kushoto ni barabara ya chini. Mama Kamba alifungua mdomo aseme kulia. Aliapa baadaye kwamba alikuwa anataka kusema kulia. Lakini koplo ndiye aliyeshika usukani, naye alikata kushoto.

"Kabati! Umesikia amri!"

"Hiyo redio ni ya zimamoto," alisema Kabati bila kumtazama. "Mimi ni mwanajeshi. Sijasikia kitu."

Naye Mama Kamba hakumwambia ageuze.

Mlango wa buluu ulikuwa umefungwa kwa komeo, koplo akaufungua kwa bega, na ndani maji yalikuwa yamefika magotini. Bibi alikuwa amekaa juu ya meza, mkoba mapajani, viatu vya safari miguuni. "Saa sita yako ndiyo hii?" aliuliza. Halafu akamwona koplo. "Na huyu ndiye aliyenichafulia mlango kwa rangi!"

"Ndiye mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Utaufuta?"

"Nitaufuta."

Akambeba mikononi, naye hakupinga. Ila Mama Kamba aliona mikono ya bibi ilivyoing'ang'ania shingo ya koplo.

Hawakufika kituoni. Mita mia mbili mbele nguzo mbili za umeme zilianguka zikaziba barabara, na nyuma yao maji yalikuwa yameshameza daraja dogo. Walipanda na boti zao kwenye jengo la chuo cha ushonaji, ghorofa mbili, ambako walikuta watu thelathini na wawili waliochelewa kutoka. Walisukuma vyerehani na meza kwenye milango. Mama Kamba aliwaketisha watu kwenye korido ya kati, mbali na vioo, akawavisha majaketi yaliyopatikana. Kisha kimbunga kikatua, na kwa saa tisa hakuna aliyeweza hata kuchungulia nje.

Kulipopambazuka walishusha boti ngazini na kuwatoa watu wote thelathini na wawili, na wengine arobaini wa mitaa ya jirani. Watu wa paa la soko walifikiwa saa mbili asubuhi. Walikuwa kumi na tisa, wamejifunga pamoja kwa turubai. Wa ishirini, fundi saa mmoja mzee, alikuwa ameponyoka alfajiri, akachukuliwa na maji.

Koplo alipewa siku kumi na nne za mahabusu kambini. Mama Kamba aliitwa mbele ya kamati ya watu watano, kwenye chumba chenye madirisha ambayo bado yalikuwa na mbao. Mkuu wake alimtetea. Alisema kwa upepo ule boti yoyote iliyotoka kituoni usiku isingefika popote. Mjumbe mmoja wa kamati akasema kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni zingefika sokoni na kurudi mara mbili. Walibishana, wakachora mishale kwenye ramani, wakashindwa kukubaliana.

Mwishowe mwenyekiti alivua miwani. "Sajini, tusaidie. Kama ungekwenda kulia, yule mzee angepona?"

Mama Kamba alikuwa ameshalijibu swali lile kila siku kwa siku kumi na mbili, akiwa bafuni, akiwa jikoni, akiwa anamkanda mama mkwe wake nyonga. Siku nyingine alijibu ndiyo, siku nyingine hapana.

"Sijui," alisema.

Karani alisita, kalamu juu ya karatasi. "Niandike nini?"

"Hivyo hivyo. Andika kwamba sijui."